Nani atanipeleka kuwinda nguruwe pori? Kisa kimoja cha Tanga

Mwenye kisa hiki ni fundi wa injini za dizeli, mkazi wa Makorora, Tanga mjini, Mbondei wa Muheza kwa asili. Bunduki ya marisau anayo kwa leseni, pikapu anayo, na siku za mapumziko anazo. Alichokuwa anakitafuta hakina mzunguko: mtu anayelijua pori ampeleke kuwinda nguruwe pori, mahali ambapo anaweza kuondoka nyumbani kabla ya alfajiri, akawinda, akarudi na kitoweo siku hiyohiyo au kesho yake. Alinijia kwa sababu nimekaa muda mrefu karibu na shughuli za wanyamapori mkoani. Mtu wa kumpeleka alikuwa ameshampata. Kwangu alitaka tu kujua kama bei aliyotajiwa ni ya haki.

Nakieleza kisa chake kwa urefu, naye ameridhia, kwa kuwa swali lake nalisikia kila kiangazi kinapokaribia, Tanga na hata Bagamoyo, na karibu kila mara linaulizwa kinyumenyume. Watu huanza na mtu: nani atanipeleka? Wakishampata wanaona kazi imekwisha, iliyobaki ni mafuta na risasi. Lakini kinachoamua kama safari hiyo ni uwindaji au ni ujangili ni ardhi. Mnyama atakuwa amesimama wapi bunduki inapolia, na nani amekuruhusu uwepo hapo? Hilo likishajibiwa, mwongozaji hupatikana, tena mara nyingi hupangwa na utaratibu wenyewe.

Mtu wake alikuwa kijana wa kijiji kimoja cha Pangani, upande wa bara. Nilimwomba fundi ampigie tukiwa pamoja, aweke spika.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba. Hujambo? Nataka kujua ya Jumamosi."

"Sijambo. Jumamosi ipo palepale. Uje na bunduki yako na kurunzi kubwa, mbwa ninao mimi. Tunaingia saa nne usiku, saa saba tumeshamaliza."

"Na kibali?"

"Kibali cha nini, mjomba? Wenye mashamba wenyewe ndio wanaotuita. Wanatumalizia mihogo hawa."

Malipo aliyoyataka yalikuwa madogo: mafuta ya pikipiki na posho ya vijana wawili. Fundi alinitazama kama anayesema, unaona?

Kijana huyu si tapeli. Aliyoyasema kuhusu mashamba ni kweli tupu, na mtu asiyeielewa kweli hiyo hawezi kuelewa kwa nini safari za namna hii zinapatikana kirahisi hivyo. Nguruwe pori hula usiku na hutembea kwa kundi. Huchimbua mihogo kwa pua, akala kiazi na kuliacha shina limelala. Kwenye mahindi huangusha mmea mzima ili afikie gunzi moja. Viazi vitamu, karanga, miche michanga ya minazi, vyote ni vyake. Mkulima analala kwenye dungu miezi mizima, anapiga madebe, anawasha moto, asubuhi anakuta upande wa pili wa shamba umelimwa na pua za nguruwe. Jike hubeba mimba kama miezi minne na huzaa watoto 3 au 4, mara nyingine zaidi, kwa hiyo kundi lililopungua mwaka huu hujazia mwaka ujao. Sehemu kubwa ya wakazi wa pwani yetu ni Waislamu, nyama ile haiingii jikoni mwao, na hivyo mnyama huyu hasakwi kijijini kama anavyosakwa digidigi au swala. Maficho nayo anayo ya kutosha. Mkonge uliletwa pwani hii mwaka 1893 na Mjerumani Richard Hindorf, ukageuza bara ya Tanga na Pangani kuwa mashamba yasiyo na mwisho. Nyuzi za viwandani zilipoiangusha bei yake, mashamba mengi yalitelekezwa yakawa vichaka. Nguruwe pori hahitaji zaidi ya hapo: kichaka kizito cha kulala mchana na shamba la mihogo la kwenda usiku.

Kwa hiyo mkulima anamwita mwenye bunduki kwa moyo mweupe. Tatizo ni kwamba hana mamlaka ya kumgawia mnyama. Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori Na. 5 ya mwaka 2009 inasema wanyamapori wote ni mali ya umma, na Rais ndiye mdhamini kwa niaba ya wananchi. Shamba ni la mkulima, mihogo ni yake, lakini nguruwe aliyesimama katikati ya mihogo hiyo si wake. Mtu anaweza kujitetea au kutetea mali yake dhidi ya mnyama, na sheria inalitambua hilo, ila mzoga unabaki kuwa nyara ya serikali na tukio linaripotiwa. Hilo haliwezi kugeuzwa kuwa safari ya kulipia, mgeni anatoka mjini na kurunzi, anarudi na mapaja mawili kwenye pikapu. Akikamatwa njiani hatakuwa anajibu swali la mihogo. Atakuwa anajibu shitaka la kukutwa na nyara za serikali, shitaka ambalo kwa watu wengi nchini limeishia kifungo cha miaka 20, wakiwemo waliokutwa na vipande vya nyama tu. Hapo fundi alinyamaza. Alikuwa akidhani adhabu ni faini.

Halafu kuna namna yenyewe ya kuwinda. Usiku, kwa kurunzi, kwa mbwa: mambo matatu hayo, yote yamekatazwa hata kwa mwenye leseni halali. Pia bunduki imeandikwa kwa jina la fundi chini ya Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015. Kijana aliomba "amshikie kidogo" pale watakapoingia kichakani, na hilo peke yake lingetosha kumnyang'anya leseni ya silaha.

Nilimuuliza fundi wazo la usiku na kurunzi amelitoa wapi. Akanionyesha video za Texas, watu wamekaa juu ya magari, darubini za kuona gizani, nguruwe wanaanguka kumi kumi. Nikamweleza kwamba nguruwe wale ni wa damu ya nguruwe wa kufugwa waliotoroka, wakachanganyika na nguruwe mwitu walioletwa kutoka Ulaya. Ni wageni katika nchi ile, wanahesabiwa kama wadudu waharibifu, na tangu Septemba 2019 anayewawinda kwenye ardhi ya mtu binafsi kwa idhini ya mwenyewe hahitaji hata leseni ya uwindaji. Nguruwe pori wetu ni mnyama wa asili ya hapa, ana sehemu yake porini, na sheria inamlinda kama inavyomlinda pofu au kuro. Anayejifunzia uwindaji kwenye video za Texas akaja kuufanyia Pangani anaelekea kizimbani.

Baada ya hapo tulichukua ramani. Hii ndiyo sehemu ya kisa ambayo ningependa kila mtu mwenye ombi kama lake aifanye mwenyewe kabla ya kumpigia simu mtu yeyote. Tulichora duara la saa tatu za kuendesha gari kutoka Tanga mjini, tukauliza kila upande una nini.

Kaskazini, zaidi kidogo ya saa moja, unafika Horohoro, na mbele yake ni Kenya. Kenya ilipiga marufuku uwindaji wa starehe mwaka 1977 na marufuku hiyo ipo mpaka leo, kwa hiyo upande huo umefungwa hata kwa mwenye pasipoti na fedha. Magharibi, juu ya Muheza, kuna milima ya Usambara Mashariki na Hifadhi ya Asili ya Amani, iliyoanzishwa mwaka 1997. Nguruwe pori wamo, na nyayo zao utaziona kando ya mashamba ya chai, ila msitu ule ni wa hifadhi na bunduki haiingii. Kaskazini magharibi kuna Mkomazi, hifadhi ya taifa. Kusini, ukivuka mto Pangani ukaenda kuelekea Mkwaja, unaingia kwenye ardhi inayopakana na Saadani, iliyotangazwa hifadhi ya taifa mwaka 2005, ya pekee nchini inayogusa Bahari ya Hindi. Kile kijiji cha yule kijana kilikuwa upande huo. Watu wanakosea sana hapo, kwa sababu mpaka wa hifadhi porini hauna ukuta. Mnyama aliyejeruhiwa anakimbilia anakokujua, mwindaji anamfuata damu, na kabla hajatambua yumo ndani ya hifadhi na bunduki mkononi.

Mkazi wa Bagamoyo akichora duara lake atakuta picha inayofanana. Kaskazini ni Saadani hiyohiyo, pamoja na msitu wa Zaraninge uliomo ndani yake. Magharibi kuna Wami-Mbiki, ambayo zamani ilikuwa eneo la jamii la hifadhi ya wanyamapori na sasa ni pori la akiba. Katikati ni mashamba, makazi na ranchi. Mwenye kiu ya kuwinda anaona pori kila anakogeuka, kumbe karibu lote lina mwenyewe na masharti yake.

Kwenye ramani ya Tanga tulibakiwa na upande wa bara wa mkoa, mbali na pwani, yale maeneo ambayo mamlaka huyafungulia uwindaji wa wenyeji. Orodha ya maeneo na mgao wa wanyama hupangwa kwa msimu, na msimu huanza Julai, kwa hiyo jibu la mwaka jana halifai mwaka huu. Huulizwa upya.

Fundi aliuliza kwanza kuhusu kampuni za uwindaji wa kitalii. Sikutumia muda mrefu hapo. Kampuni hizo zina vitalu vyao, yaani maeneo waliyogawiwa ya kuwindia, wana wawindaji bingwa waliosajiliwa, na huduma yao inauzwa kwa siku nyingi na kwa dola, imepangwa kwa ajili ya mgeni anayekuja kutafuta nyati au chui. Nguruwe pori kwao ni mnyama wa nyongeza. Mtu wa Makorora anayetaka siku mbili na kitoweo hana cha kununua pale.

Njia iliyobaki ilikuwa leseni ya uwindaji wa wenyeji. Alianzia ofisi ya wanyamapori ya wilaya, akaelekezwa kwa TAWA, yaani Mamlaka ya Usimamizi wa Wanyamapori Tanzania, yenye makao makuu Morogoro. Alipeleka kitambulisho, leseni ya silaha na barua ya maombi. Ilichukua majuma kadhaa, na katikati alikata tamaa, akataka kurudi kwa kijana wa Pangani. Nilimsihi avute subira, na mke wake alimsihi zaidi yangu. Leseni hiyo hutaja mnyama gani, wangapi na eneo gani. Ndiyo maana swali la mnyama likawa gumu kuliko tulivyodhani.

Kwa nini gumu? Fundi alitaka nguruwe pori, naye nguruwe pori ni wa usiku. Mchana amelala ndani ya kichaka ambacho mtu hawezi kuona hatua tano mbele. Mwenye leseni anatakiwa amwinde kukiwa na mwanga. Hapo unabaki na dakika chache za mapambazuko na chache za magharibi, au kufuata nyayo mpaka alipolala, jambo linalotaka msaka nyayo hodari na moyo mgumu, maana dume la kilo 80 au 100 likistushwa kwa karibu halikimbii kila mara kwa kwenda mbali nawe. Meno yake ya chini yamenolewa na ya juu kila anapofunga kinywa. Katika nchi nyingine za kusini mwa Afrika wanamwinda usiku kwa chambo, ndipo wanafanikiwa. Kwetu haturuhusiwi, nami naliona katazo hilo kuwa la maana: kurunzi na bunduki kwenye mashamba ya watu, usiku, wakati mkulima mwenyewe yuko kwenye dungu, ni njia ya kuua binadamu.

Ngiri ni habari nyingine. Yeye hulala usiku shimoni, mara nyingi shimo lililochimbwa na mhanga, akiingia kinyumenyume ili meno yaelekee mlangoni, na jua likipasha joto anatoka kula. Anapiga magoti ya mbele akitafuna majani mafupi, mahali pa wazi, mchana. Kwa mtu mwenye bunduki ya marisau, siku mbili na leseni ya mchana, ngiri ndiye mnyama wake. Nilimwambia hivyo. Fundi hakulipenda wazo hilo mwanzoni, akidai nyama si moja. Mwishowe aliomba ngiri mmoja, na nguruwe pori mmoja kama mgao ungeruhusu. Alipata ngiri.

Mwongozaji sasa. Eneo lenyewe lilimpa watu wawili: askari wa wanyamapori aliyepangwa kusimamia, na mzee wa kijiji cha pale ambaye aliwahi kuwa skauti wa wanyamapori na anajua kila shimo. Fundi alimpa mzee heshima yake, wakakaa jioni nzima wakizungumza kabla ya kulala. Mzee alimuuliza mambo ambayo kijana wa Pangani hakuyagusa kabisa. Umewahi kumpiga mnyama akakimbia na jeraha? Marisau yako ni ya ukubwa gani? Umevaa nini kesho? Hilo la mwisho lilimshangaza fundi. Alikuwa na ovaroli ya buluu ya gereji, na mbung'o hupenda rangi ya buluu na nyeusi kuliko zote. Ranchi ya Mkwaja kule pwani ilihangaishwa na mbung'o na nagana, ugonjwa wa ng'ombe wanaoueneza, miaka yote ya uhai wake mpaka ng'ombe wakaondolewa, na ardhi yake leo ni sehemu ya Saadani. Mzee alimpa shati la kaki.

Asubuhi walikaa chini ya upepo, mita chache kutoka kwenye njia ya kutokea mashimo matatu. Maagizo ya mzee yalikuwa mafupi. "Mwanangu, usipige anayekimbia. Usipige zaidi ya hatua thelathini. Ukimjeruhi, hukimbilii kichakani. Unakaa, mimi ndiye natangulia." Majike wawili na watoto walitoka kwanza, wakaachwa. Dume lilitoka jua likiwa limepanda, likasimama ubavu. Fundi alipiga nyuma ya bega. Lilikimbia hatua chache likaanguka. Askari aliandika kwenye karatasi za leseni palepale, kabla kisu hakijagusa ngozi.

Mzee ni Mwislamu. Alisoma nyayo, alionyesha mashimo, lakini mnyama hakumgusa, na fundi alikuwa amejiandaa kwa hilo: visu vyake, ndoo yake, maji yake na turubai kutoka nyumbani, hakuazima hata bakuli kijijini. Jambo hilo ningelisisitiza kwa yeyote anayewinda jamii ya nguruwe kwenye pwani hii. Wenyeji watakukaribisha na kukuongoza vizuri ukiwaonyesha kwamba umeifikiria dini yao kabla hujafika.

Matumbo na kichwa vilizikwa palepale, shimo refu. Dada yake fundi anafuga nguruwe Muheza, na ngiri pamoja na nguruwe pori hubeba virusi vya homa ya nguruwe ya Afrika bila wao wenyewe kuugua. Papasi wanaoishi kwenye mashimo ya ngiri ndio wanaovisambaza. Ugonjwa huo ulielezwa kitaalamu kwa mara ya kwanza Kenya mwaka 1921, hauwadhuru binadamu, lakini ukiingia bandani unaweza kufagia nguruwe wote na hauna tiba. Mabaki mabichi ya nyama yakitupiwa nguruwe wa kufugwa, au viatu vyenye damu vikiingia bandani, basi. Fundi aliosha viatu kwa dawa na akakaa mbali na banda la dada yake. Nyama waliipika mpaka ikaiva kabisa, hakuna kipande cha rangi ya waridi, kwa sababu ya minyoo inayojificha ndani ya misuli.

Kuhusu kile kijiji cha Pangani, fundi alimpigia kijana mwenyewe akamweleza kwa upole kwa nini hakuja. Mtendaji wa kijiji alipeleka barua wilayani kuomba msaada dhidi ya nguruwe waharibifu, na askari wenye silaha walifika kufanya doria. Mihogo haijapona yote, nguruwe wamerudi upande mwingine wa kijiji, na barua ya pili imeandikwa.

Nguruwe pori wake fundi bado hajampata. Maombi ya msimu unaofuata anayapeleka mapema, kabla ya Julai, na nimemshauri akipewa nguruwe pori safari aipange wakati wa vuli, Oktoba au Novemba, baada ya usiku wa mvua. Udongo ukiwa laini nyayo zinasomeka, na asubuhi ya mawingu kundi huchelewa kurudi kichakani. Mzee amekubali kumwongoza tena, kwa sharti kwamba safari hii marisau yawe makubwa zaidi.